Alichobaki Nacho Sista

Walisema sitavuka geti la hospitali isipokuwa nikiwa mgonjwa. Wa kwanza kusema hivyo alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Jirani yetu mwenye nyumba za kupangisha pale Uthiru alisema nitazeeka nikisukuma machela. Shemeji yangu alisema, mbele ya wageni waliokuja kula kwetu, kwamba Uingereza hawachukui watu wa alama ya D, na kwamba nikifika huko nitarudishwa na ndege hiyo hiyo. Nimewaweka wote hapa makusudi. Geti nililivuka nikiwa na sare. Machela niliyasukuma, kweli, kisha nikaenda Uingereza, nikaosha wazee wa watu, nikasoma baada ya zamu, nikarudi na diploma ya maadili ya tiba yenye majina yangu yote matatu. Leo nafundisha katika chuo kilicho katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu, na nina kiti katika kamati ya maadili ya hospitali moja kule Upper Hill. Naishi Muthangari, mtaa wa wenye uwezo. Gari ni langu.

Nasema haya ili msomaji ajue kwamba anayeandika si mtu wa kubahatisha. Mtu ninayemwandika aliwahi kuwa mkubwa wangu wa kazi, na kuna kitu kimoja anacho ninachokitaka. Mama yangu alifia mikononi mwake. Katika majuma yake ya mwisho mama hakuzungumza nasi wanawe habari za kufa. Alizungumza na huyu. Nataka kujua alisema nini.

Tulimwita Sista. Hospitali ilikuwa na masista wengi, kila mmoja na jina lake, lakini ukisema Sista ukanyamaza hapo, kila mtu alijua unamaanisha mkuu wa wodi ya wanawake. Alikuwa mnene wa kiasi, na alitembea akiburuta mguu wa kushoto kidogo kwa sababu ya goti. Saa yake aliibana kifuani, kichwa chini. Hakuwa na sauti kubwa. Akikasirika ndipo ilipopungua zaidi, hata ukalazimika kumwinamia ili usikie unavyotukanwa.

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa mhudumu wa wodi. Kazi yangu ilikuwa machela, mashuka, maji ya moto na kila kitu ambacho wauguzi hawakukitaka. Nilikuwa hodari. Sista mwenyewe alisema, na si mara moja, "Huyu kijana hata ukimtuma mochari anaenda akipiga mluzi." Sijui kama alikuwa akinisifu. Mimi niliichukua kama sifa.

Nianze na mdomo wake, kwa sababu huo ndio unaonihusu. Sista alikuwa mmbeya. Alijua ni daktari gani anayejenga Uthiru na fundi anamwibia saruji. Alijua nani amefukuzwa na mkewe akahamia chumba cha madaktari wa zamu, na nguo zake zimefungwa kwenye shuka la hospitali. Haya yote aliyatoa bure saa ya chai akimenya yai la kuchemsha, nasi tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini siku moja muuguzi kijana alimuuliza, kwa nia njema tu, yule mama wa pembeni jana alikuwa akilia nini.

Sista akaendelea kumenya yai.

"Sista, yule mama..."

"Nimesikia."

"Nilitaka tu kujua."

"Sasa enda umuulize. Ana mdomo. Akitaka ujue, utajua."

"Na mbona daktari unatuambia mambo yake?"

"Daktari hajalazwa. Hajavua nguo mbele yangu."

"Kuna mmoja angependa," akasema muuguzi mzee aliyekaa karibu na dirisha, na hata Sista akacheka mpaka yai likamponyoka.

Hilo la kuvua nguo ndilo lililokuwa msingi wake. Mtu akishavua nguo mbele yako kwa sababu anaumwa, mambo yake hayawi yako kusema. Hakulitolea hotuba. Aliliishi tu, kama mtu asiyekula nyama asivyohitaji kuwaeleza watu kila siku kwamba hali nyama.

Anayezijua familia zetu za upande huu anajua desturi. Mgonjwa akilazwa, ukoo hutuma ujumbe: wazee wawili watatu wenye makoti na kofia, mtoto wa kwanza wa kiume, na shangazi mmoja wa kulia. Miaka hiyo daktari aliwaita kando, karibu na dirisha la korido, akawaeleza. Nao walirudi kitandani na sura mpya na neno moja la kumwambia mgonjwa: vidonda vya tumbo. Ni wanawake wangapi walioondoka duniani wakiwa na vidonda vya tumbo, mimi sijui. Hata wauguzi wa wodi nyingine walisimama mlangoni wakaita, "Mwenye mgonjwa ni nani?" wakimtafuta mtu wa kuambiwa, na mgonjwa yuko pale pale kitandani anawatazama.

Sista aliichukia ile korido. Alikuwa na benchi refu la mbao nyuma ya meza yake, na ujumbe ukifika aliniambia neno moja, "Benchi." Nililibeba mpaka kando ya kitanda, wazee wakakalishwa, na kabla hawajasema lolote alimgeukia mgonjwa. "Mama, hawa ni watu wako. Daktari amepata majibu. Unataka tuongee na wewe, ama tuongee na wao, ama wote pamoja?"

Mzee mmoja aliyetoka pande za Kikuyu alisimama akashika kofia mkononi. "Sista, sisi tuna njia yetu. Mtu hatupiwi habari kama jiwe. Tunamtayarisha."

"Mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka awe tayari."

"Na nani atajua akiwa tayari?"

"Sisi. Ni wetu."

"Uko na shamba?"

"Niko nayo."

"Nikija nilime hiyo shamba bila kukuuliza, kwa sababu najua kulima kukushinda, ni sawa?"

Mzee akafikiri kweli kweli. "Inategemea unapanda nini," akasema.

Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa, ambaye ndiye aliyekuwa akigombaniwa, akasema kutoka kwenye mto, "Niambieni tu. Nimechoka kuona mkinong'ona."

Wengi huishia hapo wanapomsimulia Sista, na humfanya mtu wa kuwaambia watu ukweli kwa nguvu. Hawakumjua. Tulikuwa na bibi mmoja mzee, mkulima wa mboga, aliyeulizwa swali lile lile akajibu, "Ongea na Njoroge wangu. Mimi niache nilale." Daktari aliyekuwa ametoka chuo kikuu karibuni alikataa. Alimfuata Sista mezani.

"Sista, mgonjwa ni lazima ajue. Ni haki yake."

"Nimemuuliza."

"Akasema nini?"

"Uongee na Njoroge, yeye umwache alale."

"Lakini hajui anachokataa."

"Kwa hiyo umuulize tena?"

"Ndiyo."

"Mpaka aseme kile wewe unataka."

Daktari akaondoka akaongea na Njoroge, mtoto wa yule bibi, dirishani. Mimi nikalirudisha benchi nyuma ya meza. Bibi yule alilala sana majuma yale, akaomba uji wa wimbi, akafa bila kuambiwa lolote, na sikuona Sista akilisumbukia hata kidogo.

Fomu za upasuaji zilikuwa vita vingine. Muuguzi alileta fomu, mume akanyoosha mkono apokee kalamu, kwa sababu mke ni wake. Sista aliipitisha kalamu mbele ya kifua cha mwanamume mpaka kwa mke. Mmoja alinung'unika kwamba nyumbani kwake ndiye anayetia sahihi kila kitu. "Ni wewe utashonwa?" akamuuliza. Yule bwana akasema hapana. "Basi kaa kwa benchi."

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa na moyo laini kwa wote. Walikuja wasichana wakivuja damu, na sote tulijua wametoka wapi na wamefanyiwa nini. Sista aliwahudumia bila dosari. Aliwaosha, aliwafunika, hakumwita polisi, hakuwaambia mama zao. Lakini hakuwatazama machoni. Kila mwanamke mwingine kwake alikuwa mama, au msichana wangu. Hao aliwaita "wewe". Nilimwona mmoja wao akimshika mkono baada ya dawa, na Sista akautoa mkono wake polepole, kama anayechomoa sindano. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Nawapa kila kitu kiko kwa kabati. Hiyo nyingine haiko." Nimefikiri sana jibu hilo na sijui nilitie kundi gani. Wanafunzi wangu hupenda makundi.

Na mwili wake mwenyewe hakuutibu. Goti lake alilipaka dawa ya miti aliyoinunua soko la Wangige, yenye harufu iliyotangulia kuingia wodini kabla yake. Daktari akimfuata na mashine ya kupima shinikizo la damu alikunja mikono kifuani. "Nimeelezwa, nimeelewa, nimekataa," alisema. "Andika hivyo."

Sasa vitanda. Miaka hiyo ule ugonjwa ulikuwa kila nyumba na dawa zake zilikuwa bado za wenye uwezo. Katika wodi nyingi, wenye ugonjwa huo waliwekwa mwisho kabisa karibu na vyoo. Hakuna aliyeandika popote kwamba ndipo mahali pao, lakini wageni walijua. Mtu aliingia na chupa ya uji, akamwona dada yake kwenye kitanda cha mwisho, akaiacha chupa mezani kwa muuguzi, akarudi nyumbani kutangaza. Sista hakuwa na dawa ya ugonjwa. Alichokuwa nacho ni vitanda vyenye magurudumu, na mimi. Kila Jumatatu asubuhi tulivihamisha. Wa mlangoni alikwenda mwisho, wa mwisho akaja katikati, mwenye mguu uliovunjika akakaa karibu na vyoo wiki nzima akilalamika. Mimi ndiye niliyevisukuma, mgongo wangu unakumbuka.

"Sista, kwani tunatafuta nini?" nilimuuliza Jumatatu moja.

"Tunatafuta mtu aingie hapa asijue kitu," alisema. "Sukuma."

Utaratibu huo ndio uliomwangusha. Sote, yeye akiwamo, tulikuwa na mazoea ya kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda. Tano amekula? Tisa anaitwa eksirei. Namba hizo zilikuwa ukutani, hazikuhama na watu. Jumatatu moja Sista alichukua sindano ya dawa ya usingizi iliyoagizwa kwa Tano, akamdunga Tano. Lakini Tano wa jana alikuwa ameshasukumwa mpaka dirishani, na Tano wa leo alikuwa mama wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa na mumewe huko Biashara Street, aliyelazwa kwa homa ya matumbo. Alilala alasiri yote kama mzigo. Sista alipogundua alikaa naye, akimshika mshipa wa mkono, hakwenda hata chooni. Mume alikuja na chapati kwenye mkebe, akamwita mkewe kwa sauti, kisha kwa sauti kubwa zaidi, kisha akakaa chini sakafuni.

Mama aliamka mzima. Asubuhi yake msimamizi wa hospitali alishuka wodini akazungumza na Sista karibu na meza, mimi nikikunja mashuka.

"Tutasema ni uchovu wa homa," alisema. "Ameamka, hana shida yoyote. Kwa nini tuwatie wasiwasi?"

"Nimemdunga mimi."

"Najua, Sista. Ndiyo maana nasema."

"Basi si homa. Kijana, benchi."

Mume akakaa kwenye benchi. Sista akasimama mikono nyuma, kama mtoto wa shule. "Mama, jana nilikudunga dawa ya mtu mwingine. Haikuwa dawa mbaya, lakini haikuwa yako. Ulilala kwa sababu yangu. Ungeweza kuumia. Naomba msamaha."

Mume akaanza kupaza sauti. Mkewe akamwekea mkono gotini. "Ile usingizi ya jana?" akamuuliza Sista.

"Ndiyo, Mama."

"Ile ilikuwa nzuri sana."

Mume hakucheka. Alishtaki, na alikuwa na haki. Sista alivuliwa ukuu wa wodi, akapelekwa chumba cha kufunga vidonda kwa miezi mingi. Alifunga vidonda. Hakumlaumu mtu. Aliporudi, vitanda viliendelea kuhama kila Jumatatu, ila namba zilifutwa ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kushika sindano kabla mgonjwa hajataja jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Yule mama wa Kihindi alituletea robota la kitambaa cha mapazia, ili wagonjwa waoge bila kutazamwa. Mumewe aliliteremsha garini, akalibeba mpaka ndani, hakumsalimia Sista.

Nilikuwa nimeondoka nchini wakati mama yangu alipolazwa katika wodi hiyo. Nilikuwa Uingereza, katika nyumba ya kutunzia wazee, nikiosha na kulisha mchana, nikisoma jioni. Kaka yangu mkubwa alinipigia akanipa majibu ya daktari. Ilikuwa saratani, imeshafika kwenye ini. Ndugu walikutana wakakubaliana kwamba mama asiambiwe. Mama alikuwa na vyumba vya kupangisha Uthiru, na wapangaji walimwogopa kuliko polisi, lakini ndugu walisema habari hiyo itamuua kabla ya ugonjwa. Mimi nilikubali. Nilinunua kadi ya simu nikampigia Sista.

"Kijana," alisema. "Habari ya huko?"

"Baridi. Sista, mama yangu yuko kwako."

"Yuko."

"Tumekubaliana asiambiwe. Tunasema ni vidonda vya tumbo."

Nikasikia wodi nyuma yake, sufuria, mtu akikohoa.

"Mmekubaliana na nani?"

"Familia yote."

"Yeye alikuwa kwa huo mkutano?"

"Sista, hofu itamuua."

"Hiyo unajua, ama unaogopa?"

"Mimi ndiye ninayelipa hospitali."

"Asante kwa kulipa," alisema. "Nitamuuliza anataka nini. Akishasema, yanayofuata ni yake." Kadi ikaisha hapo.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandika insha juu ya haki ya mgonjwa kujua hali yake, nikapata alama za juu kuliko wote darasani, na wengine walikuwa Waingereza waliozaliwa na lugha yao. Insha ni insha na mama ni mama. Naweza kueleza tofauti hiyo mbele ya yeyote, na nimeshaieleza.

Yaliyofuata niliyapata kwa kaka. Alisema kila alasiri alipoingia wodini alimkuta Sista amekaa kwenye benchi kando ya mama, wanazungumza kwa sauti ya chini. Alipokaribia walinyamaza. Siku moja alimkuta mama anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Aliuliza wanacheka nini. "Mambo ya wanawake," mama akasema. Kisha akajishika tumbo akasema, "Hivi vidonda vya tumbo leo vimenisumbua." Alilisema hilo mpaka siku ya mwisho. Kaka akamwambia atapona, akaitikia.

Alipokufa, walifungua kabati lake wakakuta gauni jeupe limepigwa pasi, kitambaa cha kichwa, na viatu vilivyopakwa rangi, vyote ndani ya mfuko mmoja. Wapangaji walikuwa wameagizwa kodi wampe nani. Mchungaji alikuwa ameambiwa mahubiri yawe mafupi. Mtu mwenye vidonda vya tumbo hafanyi hivyo. Alikuwa anajua, na alituacha tuendelee kumdanganya, kwa sababu aliona ndiyo kazi tuliyoichagua.

Mimi sikuja kumzika. Karatasi zangu za kukaa huko zilikuwa bado, na ningetoka nisingerudi. Simu ilinikuta nikitandika kitanda cha mzee mmoja. Niliisikiliza, nikamaliza kutandika, nikamgeuza mzee upande wa pili. Watu waliniuliza baadaye nilihisi nini. Nilihisi mashuka.

Nilirudi nyumbani miaka michache baadaye, na diploma. Watu kadhaa walikuwa wamenikopesha nauli ya kuondokea, na nilichagua Jumamosi moja kuwarudishia wote, nikizunguka kwa gari kutoka mlango hadi mlango ili gari nalo lionekane. Walinikaribisha chai, wakalizunguka gari, wakapiga magurudumu mateke madogo kama wanaotaka kulinunua. Sista naye aliwahi kunipa kitu kidogo cha nauli hiyo. Nilimwacha wa mwisho.

Alikuwa amestaafu, anaishi kwenye kijishamba mbele ya Uthiru, na kuku, na sukuma wiki kwenye magunia yenye udongo. Alitembea kwa fimbo. Ile harufu ya dawa ya goti ilikuwa pale pale.

"Umenona," alisema. "Kumbe Uingereza wanakula."

Alipokea bahasha bila kuifungua, akaiweka chini ya bakuli la sukari, akamimina chai. Nikamweleza kuhusu chuo, kamati, Muthangari. Alisikiliza vizuri. Halafu nikauliza.

"Sista, mama alisema nini?"

"Mama yako alisema mengi. Alipenda kuongea."

"Kuhusu mimi."

"Ongeza sukari."

"Amekufa, Sista."

"Najua. Nilimfunga macho mimi."

"Basi hiyo siri ni ya nani sasa? Mwenyewe hayuko."

"Wewe ndio mwalimu. Nasikia unafundisha hiyo kitu. Unawaambia nini?"

Nawaambia kwamba kifo hakimtoi muuguzi katika usiri. Huwa naliandika ubaoni na kulipigia mstari. "Nawaambia inategemea," nilisema.

"Inategemea nini?"

"Kama kuna mtu ataumia kwa kutojua."

"Na wewe unaumia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilijichunguza kwa haki, kama mtu anavyobonyeza mguu uliokufa ganzi kuona kama bado ni wake. "Sijui," nikasema. "Sisikii kitu."

Alitikisa kichwa kidogo, jinsi alivyokuwa akifanya akisoma kipimajoto.

"Nisikilize. Nikikuambia neno moja nzuri, utauliza kama kulikuwa na mbaya. Nikinyamaza, utajua iko. Kwa hiyo hata nzuri siwezi kukuambia. Umeelewa?"

"Ulimwahidi?"

"Hakuniomba. Hiyo hawaniombangi."

"Mimi ni mwanawe."

"Alikuwa na nyinyi, na alikuwa na mimi. Mambo mengine aliweka kwenu, mengine aliweka kwangu. Mama yako alikuwa na akili zake zote. Hakukosea mlango."

Nilimwambia kwamba mambo kama haya huletwa mbele ya kamati yangu, tunayajadili, tunaamua.

"Basi yapeleke," alisema. "Mtanilipia nauli? Hii goti haipandi ngazi."

"Kuna lifti."

"Sawa. Nitakuja nikae, mtaniuliza, nitanyamaza, mtanipa chai. Chai yenu iko na maziwa?"

Nilicheka. Nilisikia nikicheka. Kisha nikamuuliza mara ya mwisho, na sikuuliza kama mtu wa kamati. Nilimuuliza iwapo mama aliwahi kuulizia nitakuja lini. Alinitazama, na uso wake haukuwa na kitu, si ndiyo wala siyo, uso wa mtu aliyekaa kando ya vitanda vingi akajifunza kutoruhusu chochote kipite. Akainua kikombe changu akaona kimeisha, akajaza.

Alinisindikiza mpaka kwenye gari, fimbo ikizama kwenye udongo. Niliketi, nikafunga mlango, nikateremsha kioo. Aliinama kwa shida, akashika ukingo wa dirisha, akanitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama sebuleni. Kisha akagusa paji la uso wake mwenyewe kwa kidole.

"Hapa," alisema. "Hapa wewe ni yeye kabisa. Hiyo hakuna mtu aliniambia. Hiyo naona mwenyewe."

Akarudi kwa kuku wake. Niliingia Waiyaki Way, magari yakiwa mengi, nikaendesha mpaka Muthangari bila kujitazama kwenye kioo. Siku hiyo nilikuwa nimemlipa kila mtu.